Jina Ndani ya Wimbo

Kama umewahi kupita Karatu ukienda Ngorongoro, wimbo ule umeusikia hata kama hukuutaka. Unapigwa gereji, unapigwa sokoni, na madereva wa watalii huuweka wanapoanza kupanda msitu kuelekea ukingo wa kreta, Wazungu nyuma wakitikisa vichwa bila kujua wanatikisia nini. Arusi isiyoupiga watu hurudi makwao wamenuna. Gitaa linaanza peke yake, linakwaruza kama jiwe la kusagia, halafu ngoma za Saidi zinaanguka kwa kishindo, halafu ile sauti: Fungeni zizi! Na umati mzima, hata mtoto wa chekechea, unaitikia: Felista hayupo!

Mwenye sauti ile ni Emilian. Na msimu huu ninaokusimulia, Emilian alikuwa anazunguka mtaa wake wote wa Ganako akiwaomba watu wauzime.

Ndiyo, wimbo wake mwenyewe. Usicheke, ngoja kwanza.

Alianza na vijana wa bodaboda pale njia panda, wale wenye pikipiki zilizofungwa spika kubwa kuliko tangi la mafuta. Wakamwamkia kwa shangwe, maana mtu mwenye jina ni mtu mwenye jina hata kama mvi zimemjaa.

"Shikamoo, mwamba wetu!"

"Marahaba, wanangu. Nina ombi. Ule wimbo wetu, mkifika usawa wa kwangu, uzimeni."

Wakatazamana. "Upi, mzee? Felista?"

"Huo huo."

"Sasa mzee baba, unajikataa mwenyewe?" akasema mmoja, na wenzake wakaangua kicheko.

"Mama yangu anaumwa," Emilian akasema.

Hapo kicheko kikakatika. Vijana wa siku hizi tunawasema sana, lakini ukiwatajia mama wanaelewa. Wakaahidi, na wakatimiza. Akaenda kwa mwenye baa, akaenda kwa kinyozi, akaenda mpaka kwa yule mama muuza chipsi mwenye redio iliyofungwa kwa raba. Kila mmoja alidhani bibi anasumbuliwa na kelele. Emilian akawaacha wadhani hivyo, maana ukweli angeuanzia wapi?

Ukweli wenyewe ni huu. Wimbo ule si wa arusi, wala si wa baa. Ni wa msiba. Wanawake wa ukoo wa mama yake, Bibi Katarina, kule kijijini Mbulumbulu, waliuimba mara moja tu kwa kila aliyekufa, jioni ya mazishi, ng'ombe wakiingizwa zizini. Ndani ya wimbo kuna nafasi ya jina. Jina likishatiwa, watu wa kilima cha pili wanasikia na kujua nani ametoka duniani, wala hakuna haja ya kutuma mjumbe. Kwa hiyo hauimbwi kwa majaribio, hauimbwi kwa mchezo, na mtoto akiuimba akichunga ndama anachapwa. Bibi Katarina alikuwa na msemo wake: mtu anaweza kukudanganya, padri anaweza kukosea, ila wimbo huo haujawahi kumwimba mtu aliye hai.

Na Felista? Felista alikuwa dada yake Emilian, mtoto wa kike pekee. Uchungu wa uzazi ulimkuta msimu wa masika, barabara ya Mbulumbulu ikiwa tope tupu, wakampakia kwenye tela la trekta, na trekta likazama magurudumu kabla ya kufika lami. Alifia pale, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, na kichanga hakikuwahi kulia. Jioni ya mazishi Bibi Katarina aliimba kwa kinywa chake mwenyewe, akatia jina la mwanawe, akamaliza, akafunga mdomo.

Sasa miaka hiyo hiyo Emilian alikuwa na bendi. Iliitwa Ukungu. Saidi, mtoto wa muuza vitambaa pale mjini, alipiga ngoma. Olais, Mmaasai kutoka juu Ngorongoro aliyekuwa anaosha vyombo kwenye hoteli ya watalii, alipiga gitaa la besi. Emilian aliimba na kupiga gitaa la kwanza. Muziki wa roki waliupata kwenye kaseti walizoachiwa na madereva wa yale malori ya kubeba watalii. Mwanzoni waliiga tu, Kiingereza cha kubahatisha na nywele za timutimu, wakapiga hotelini kwa watu wanaokula supu. Hakuna aliyewasikiliza. Mpaka siku moja Olais akaingiza kwenye besi ule wimbo wa kwao wa kumwita ng'ombe aliyepotea, Saidi akaufukuza kwa ngoma, na wapishi wakatoka jikoni na miko mkononi. Loo! Kuanzia siku ile wakawa wanakwenda kwa bibi zao kama watu waendao gulioni. Wakachukua nyimbo za kuvuna ngano, za kutwanga, za kubembeleza watoto, nyimbo za arusi za kina bibi yake Saidi kule Kondoa, wakazichomeka umeme. Arusha ikawakubali, Dar ikawakubali, Nairobi wakavunja viti.

Lakini kilichowapaisha ni Fungeni Zizi. Walikuwa studio Arusha, kila kitu kimekaa sawa isipokuwa ile nafasi ya jina. Wakaiacha tupu, wimbo ukawa kama mdomo ulioong'olewa jino. Wakajaribu kuijaza kwa miguno, ikawa upuuzi mtupu. Emilian, mwaka wa pili tangu amzike dada yake, akafumba macho akaimba Felista. Fundi mitambo alilia. Saidi alilia. Wakaona wamepata.

Bibi Katarina aliusikia redioni akipepeta maharage. Emilian alipopanda kijijini na zawadi ya mashuka mapya, hakuyagusa. Alimwuliza neno moja.

"Mwanangu, dada yako utamzika mara ngapi?"

Emilian akajibu wanavyojibu vijana waliofanikiwa. "Mama, dunia nzima itamjua."

"Dunia inamtaka wa nini?" akasema mama yake, akarudi kwenye maharage.

Na Emilian hakuacha kuimba. Angeachaje? Wimbo ulikuwa umeshatoka mikononi mwake. Watu waliwapa mabinti zao jina hilo. Kwa miaka thelathini na kitu Felista alikufa kila Jumamosi, huku watu wakiinua chupa.

Miaka ikala miaka. Ukungu ikazeeka kama bendi zote zinavyozeeka: Saidi akafungua duka la vipuri vya magari, Olais akapigwa na kiharusi, mke wa Emilian akachoka na mambo ya jukwaa akaenda zake. Kaka mkubwa, Piusi, akafa. Emilian akamtoa mama Mbulumbulu, akamleta kwake Ganako, na Selina, mjane wa Piusi, akaja kumtunza. Ndipo ugonjwa wa kusahau ukaanza.

Ulianza kama mzaha. Chumvi kwenye chai. Kisha akasahau kwamba Piusi amekufa, kisha akasahau kwamba Piusi alizaliwa. Selina akawa "huyu mama mpole". Emilian peke yake ndiye aliyebaki. Kila asubuhi akiingia na kikombe cha uji, mama yake anainua uso, anasema, "Emi wangu umeamka?" na siku ya Emilian inakuwa siku. Jamani, mtu ana miaka sitini na kitu, amepigiwa makofi na watu wa nchi nne, na kumbe anaishi kwa ajili ya maneno hayo matatu tu.

Na katika kusahau kwake, Felista alifufuka. "Felista amerudi kisimani?" anauliza. Mara ya kwanza Emilian alimwambia ukweli, na alichokiona hakutaka kukiona tena. Tangu siku hiyo akajifunza kujibu, "Yuko njiani, mama." Mama anaridhika. Anasogeza kigoda pembeni kumwekea binti yake nafasi. Alikuwa mzee mwenye furaha, wallahi, kuliko alivyokuwa miaka thelathini yote ya akili timamu.

Mpaka bodaboda ya kwanza ilipopita na ule wimbo.

Bibi aliinua kichwa. Yote yalikuwa yametoka, majina, nyuso, miaka, ila sheria ya wimbo ilikuwa imebaki pale pale, kama jiwe shambani baada ya mvua kuchukua udongo. Akasikia jina. Akavua kitambaa cha kichwani, akateremka kitini, akakaa sakafuni na kupiga yowe ambalo majirani walitoka mbio kulifuata. Felista amekufa! Amekufa leo, sasa hivi, na yeye mama hakuwepo! Emilian alimshika mpaka usingizi ukamchukua. Kesho yake amesahau, anauliza kama Felista amerudi kisimani. Na adhuhuri ikapita pikipiki nyingine.

Ndiyo sababu mwimbaji alizunguka akizima wimbo wake. Alikuwa amemzika dada yake mara elfu, na sasa kila mara ilikuwa ya kwanza kwa mama yake. Alitaka kitu kimoja tu: mama yake afe bila kufiwa tena.

Ganako ikanyamaza. Wakapata wiki nzuri sana. Halafu Saidi akaja, amevaa kanzu ya Ijumaa, amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu mwenye habari.

"Emi, Olais mkono umerudi," akasema. "Nusu, lakini umerudi. Anataka tupige. Mara moja, hapa hapa uwanjani Karatu, mchana kweupe. Ananiambia hataki kufa akiwa amekaa tu."

"Tupige," Emilian akasema. "Ila si ule."

Saidi akamtazama. "Ndugu yangu. Watu watatoka Mbulu, watatoka Mto wa Mbu. Tusipoupiga watatuchoma na jukwaa. Na huo ndio Olais anaoufanyia mazoezi, mchana kutwa, mkono unatetemeka."

"Spika za uwanjani zinafika hapa, Saidi. Ukipiga chafya pale, mama anasema afya."

"Mpeleke Mbulumbulu siku hiyo."

"Nilijaribu juzi. Gari halijawashwa ameshaanza kulia. Anadhani anapelekwa hospitali."

Selina akaleta chai, akaondoka.

"Basi badilisha jina," Saidi akasema. "Weka lingine lolote."

"Lolote lipi? Kila jina lina mwenyewe. Nikisema Sabina, kuna Sabina hapo ng'ambo, na wazee wa kwetu watasema nimemuua. Ukoo wake hautaongea nasi tena."

Saidi akakuna ndevu. Ni Emilian mwenyewe aliyelipata, na alipolipata alifurahi kama mtoto. Jina lake! Mwili ni wake, nani atamdai? Na mama akisikia Emilian hayupo, si Emilian ataingia mlangoni jioni ile ile? Mama atamwona, atacheka, mambo yamekwisha. Ndiye mtu pekee duniani asiyeweza kumfia.

"Huoni vibaya kujiimba?" Saidi akauliza.

"Mimi siamini hayo," Emilian akasema. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku ile zake zilikuwa zimenyonyoka zote.

Jumapili ya onyesho ikafika. Uwanja ulijaa mpaka kwenye matawi ya mikaratusi. Olais aliletwa kwa mkono, akawekwa kwenye kiti, shuka jekundu magotini na gitaa la besi juu yake, na alipogusa uzi wa kwanza wanaume wazima walifuta macho. Walipiga wimbo wa ng'ombe aliyepotea. Walipiga wa ngano. Mwisho Emilian akasogea kwenye kipaza sauti.

"Ndugu zangu, leo jina si lile. Leo mniimbe mimi!"

Weee! Ungedhani mbingu zimeanguka. Gitaa likakwaruza, ngoma zikaanguka, Emilian akaita kwa sauti aliyokuwa nayo ujanani, Fungeni zizi, na watu maelfu wakaitikia kwa pumzi moja, Emilian hayupo! Ndama wanalia, Emilian hayupo! Mbele kabisa, kina mama watatu wa Mbulumbulu waliokuwa wamesimama na miavuli yao walishika midomo, wakatoka uwanjani bila kugeuka. Emilian hakuwaona. Alikuwa mwepesi, alikuwa na furaha, kwa mara ya kwanza tangu ile studio ya Arusha alikuwa ameuimba bila kumkanyaga mtu. Ndivyo alivyojua yeye.

Saidi alimrudisha kwa gari, jua likiwa bado liko juu ya msitu. Selina alikuwa amesimama getini.

"Shemeji, ngoja. Nimemwambia. Nimemwambia mara nyingi kwamba uko uwanjani unaimba, hata sauti ni yako. Anasema mtu hajiimbi."

Emilian akaingia. Mama yake alikuwa sakafuni, kichwa wazi, nywele chache nyeupe zimesimama. Hakuwa anapiga yowe. Alikuwa ameshapiga akamaliza.

"Karibu, baba," akasema. "Keti. Umekuja msibani?"

"Mama, ni mimi. Emilian."

"Usifanye hivyo, baba. Mfiwa hataniwi hivyo."

Akapiga magoti mbele yake. Akauchukua mkono wake, akauweka kwenye kovu lililo juu ya jicho, pale ndama alipompiga teke utotoni, na yeye mama ndiye aliyelikanda kwa maji ya moto. Vidole vikalipapasa kovu. Vikarudi tena. Uso wa bibi ukafunguka polepole.

"Emi?"

"Ndiyo, mama."

"Emi wangu!" Akamkumbatia, akacheka, akampiga kofi begani. "Mnanitia hofu, ninyi watoto! Huyu mama mpole, nipe kitambaa changu. Mwanangu huyu hapa!"

Selina akakileta mbio, machozi yanamtoka. Bibi akakipokea, akaanza kujifunga. Halafu mikono ikasimama.

"Basi wamemwimba nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni muziki tu."

"Muziki gani? Wimbo umeimbwa, nimeusikia kwa masikio yangu. Hauimbwi bure." Akatazama mlangoni. Akatazama kile kigoda kitupu kando yake. Emilian aliona wazo likija, aliliona kama mtu anavyoona gari likija na miguu haitaki kutoka barabarani. "Felista yuko wapi? Mbona hajarudi?"

"Yuko njiani."

"Mbona hajarudi, Emi? Kama si wewe, ni nani? Ni Felista?" Kitambaa kikaanza kuteleza. "Niambie mimi mama yako. Ni Felista?"

Emilian alimtazama Selina. Selina aliinamisha macho. Hapakuwa na jina jingine la kumpa. Walikuwa wamebaki wawili tu ndani ya kichwa kile, yeye na dada yake, na mmoja lazima awe ameimbwa.

Akaachia mkono wa mama yake. Akarudi nyuma kidogo, akakaa kama mgeni anavyokaa.

"Hapana, mama," akasema. "Felista mzima. Mimi ni Olais, rafiki yake Emilian. Emilian ndiye aliyetutoka."

Mama yake alimtazama muda mrefu. Emilian alikuwa anamwangalia machoni, kwa hiyo aliona lile jina Emi likitoka, likaenda, na nyuma yake akabaki bibi kizee mstaarabu anayemtazama mtu asiyemjua. Kisha akakunja kitambaa, akakiweka sakafuni, akalia. Emilian amesikia jina lake likiitwa na viwanja vizima, lakini hakuwahi kulisikia likiitwa hivyo, na hakuruhusiwa kuitika.

"Pole, mama," akasema.

"Pole na wewe, baba. Ulikuwa rafiki yake." Akajipangusa kwa kiganja. "Alikuwa mtoto mzuri. Ana sauti. Umekula lakini?"

"Nimekula."

Bibi akatikisa kichwa, akatazama tena mlangoni.

"Felista akija, nani atamwambia?"

"Nitamwambia mimi," Emilian akasema.